Robo Kumi na Sita za Rozina

Kupanda mahindi hakuhitaji kipaji. Unachimba, unadondosha punje, unafukia kwa mguu, unasonga mbele. Jioni ukirudi nyumbani hakuna atakayekusifu wala kukulaumu. Ulezi ni habari nyingine kabisa. Ulezi hurushwa, na punje yake ni ndogo mno, kiasi kwamba kiganja kikiwa na jasho haitoki. Ukirusha ovyo inarundikana mahali pamoja, ikiota inabanana na kunyang'anyana chakula, na hatua tatu pembeni panabaki upara. Upara wa ulezi haufichiki. Utakaa pale tangu Januari mpaka mavuno, na kila apitaye njiani ataona na kujua ni mkono wa nani uliorusha.

Katika kijiji kimoja karibu na Chala, mkono ulioaminiwa kuliko yote ulikuwa wa Rozina, mjane wa miaka sitini na miwili. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kigango, na ulimi wake haukuwa na subira na wazembe. Alirusha kwa vidole vitatu, mrusho mmoja kila hatua mbili, bila hata kuutazama mkono wake. Wapo waliochanganya mbegu na mchanga ili zitawanyike vizuri, na kusema kweli ni njia nzuri tu. Rozina hakutaka kuisikia. "Mchanga ni wa kujengea," alikuwa akisema, na akishasema hivyo mjadala umefungwa.

Ndiyo maana kilichotokea kwenye shamba la Shija kilimuuma sana.

Shija alikuwa jirani yake, Msukuma aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake miaka sita nyuma. Mahindi aliyajua, mpunga aliujua, ulezi hakuwahi kuushika. "Mama, mimi nimezoea mbegu inayoonekana," alimwambia Rozina. "Hivi vidudu vyenu siviwezi. Nirushie." Rozina alicheka, akabeba kikapu chake, akarusha shamba zima kwa asubuhi moja. Wiki tatu baadaye ulezi ulipoota, shamba la Shija lilikuwa kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Kulikuwa na vipande viwili vilivyorushwa mara mbili, na kipande kingine kizima hakikuona hata punje. Rozina alisimama ukingoni akijaribu kukumbuka siku ile alianzia wapi na kuishia wapi. Hakukumbuka. Alichokiona kichwani kilikuwa ukungu mtupu.

Shija hakumlaumu. Aliendelea kumletea maziwa kila Jumamosi na kumwamkia kwa heshima ileile. Rozina angeona nafuu kama angegombezwa.

Sababu aliijua. Sababu ilikuwa kabatini, ndani ya kopo la zamani la kakao: vidonge.

Vilianza miaka kumi na moja nyuma, wiki aliyokufa mumewe Yusto. Asubuhi Yusto alikuwa kibarazani akichonga mpini wa jembe, mchana hakuwepo tena duniani. Rozina hakulia. Alitetemeka tu, moyo ukamwenda mbio, pumzi ikakataa kushuka, akawa na uhakika kwamba naye anamfuata. Wakampeleka zahanati, akapewa vidonge vya kutuliza hofu na kuleta usingizi, vya siku kumi na nne. Vilimtuliza kweli. Alimzika mumewe macho makavu, na wanawake wakanong'onezana jikoni kwamba mama Zenon ana moyo wa jiwe.

Siku kumi na nne zilipokwisha, ile hofu ikarudi. Rozina akaenda Chala kwenye duka la dawa la Stanley, akaonyesha karatasi tupu ya vidonge, akauziwa nyingine. Stanley hakuwa mtu mbaya. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hakujua kumwambia mtu hapana. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne: kimoja asubuhi, kimoja mchana, viwili kabla ya kulala. Kila baada ya mwaka au miwili kile cha zamani kilikuwa hakitoshi tena.

Havikumlewesha, wala havikumfanya kituko. Vilimfanya awe mtulivu kwa kila kitu. Alikuwa mtulivu mwanawe Zenon alipohamia Kasanga kufanya kazi kwenye boti za mizigo. Alikuwa mtulivu mkwewe Redempta, aliyebaki naye nyumbani, alipomzalia mjukuu, Kalista, na watu wakashangaa bibi hapigi vigelegele. Alisahau sufuria motoni, alisahau majina, alijikwaa mahali palipo tambarare. Yote hayo aliyaita uzee. Shamba la Shija halikuwa uzee, na Rozina, ambaye hajawahi kumdanganya mtu kuhusu kilimo, hakuweza kujidanganya mwenyewe.

Kwaresima ikaingia. Jumatano ya Majivu padre alihubiri kwamba anayefunga asijitangaze, anawe uso, ajipake mafuta, funga yake iwe siri kati yake na Mungu. Wengine huacha nyama, wengine pombe. Rozina alirudi nyumbani na jivu kwenye paji la uso na uamuzi tayari kichwani. Mwaka huu angefunga vidonge. Vyote vinne, kuanzia leo, siku arobaini, na Pasaka ingemkuta yuko huru na mkono wake umerudi. Alitii mahubiri neno kwa neno: alinawa, akajipaka mafuta, hakumwambia mtu. Ni kosa ambalo mtu asiyejua kufunga asingelifanya.

Siku nne za kwanza alijisikia vizuri, hata akajivuna kidogo. Kumbe vidonge vile haviondoki mwilini upesi, vilikuwa bado vinamsindikiza. Siku ya tano usingizi ukakata. Siku ya sita mwanga wa mlangoni ulimchoma macho, na sauti ya Redempta akitwanga ilimwingia kwenye meno. Siku ya nane alihisi siafu wakitembea chini ya ngozi, akavua blauzi akaikung'uta, hakukuwa na kitu. Mikono yake ilitikisika kiasi cha kumwaga chai. "Mama, una homa?" Redempta aliuliza. "Ni baridi," Rozina akajibu, jua likiwa utosini.

Ijumaa ya siku ya kumi alikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Alipiga magoti na wenzake kituo baada ya kituo, jasho likimtiririka. Kwenye kituo cha tisa, watu walipoinuka, yeye hakuinuka. Alianguka ubavu, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika, na povu likamtoka mdomoni.

Kwetu mtu akianguka namna hiyo kanisani, hakosekani wa kusema ni pepo. Mzee mmoja alishanyoosha mkono na kuanza kukemea. Redempta alimgeuza mama mkwe wake alale kwa ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akainua macho. "Sala endeleeni nazo," alisema, "ila mimi natafuta gari."

Walifika hospitali Sumbawanga jioni. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima sukari, iko sawa. Presha ilikuwa juu, lakini si kiasi cha kumwangusha mtu. Asubuhi akaja daktari mwanamke wa makamo, Sayi, anayehudumia kliniki ya afya ya akili. Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo Rozina alilipenda, maana madaktari wengi husimama kama wanaogopa kupitwa na basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna dawa yoyote unayotumia nyumbani?"

"Hakuna," Rozina alisema, na kwa siku ile haukuwa uongo.

"Na ambayo ulikuwa unatumia, ukaiacha?"

Rozina akageukia ukuta. Siri yake na Mungu ilikuwa na siku kumi na moja tu. Ilimsikitisha kuivunja mapema hivyo. "Nimefunga," alisema.

"Umefunga kula?"

"Nimefunga vidonge."

Redempta, aliyekuwa kwenye ukingo wa kitanda, akafunika mdomo kwa kiganja. Daktari Sayi hakucheka. Aliuliza ni vidonge gani, vingapi, kwa miaka mingapi. Rozina akamweleza kila kitu mpaka kopo la kakao.

"Mama, miaka kumi na moja mwili wako umeegemea vidonge hivyo," Sayi alisema. "Umesahau kujituliza wenyewe. Ukivitoa vyote kwa siku moja, unaanguka. Wapo wanaoanguka wasiinuke tena. Sikutishi, nakwambia ulikotoka." Kisha akaandika kwenye cheti, na muuguzi alipoleta dawa, Rozina akazitambua papo hapo. Rangi ileile, mstari uleule katikati. Vidonge vyake.

"Nimeanguka kanisani mbele ya watu kwa sababu ya hivi," Rozina alisema kwa hasira, "na wewe unaniletea hivihivi?"

"Hivihivi. Dawa ya kukutoa kwenye vidonge hivi ni vidonge hivi. Tofauti ni kwamba sasa vitapungua kwa mpango, na mpango naupanga mimi. Si wewe wala mwenye duka." Akaeleza kwamba wapo wagonjwa wanaotumia aina nyingine, zile zinazoisha mwilini haraka, na hao huwahamishia kwanza kwenye aina hii, kwa sababu hii hukaa mwilini siku nyingi na kushuka kwake ni kwa taratibu. "Wewe tayari uko kwenye hii. Hapo una bahati."

Akamwongezea kidonge kingine kidogo cha kupunguza mwendo wa moyo na mtetemo wa mikono, cha wiki chache tu. Kabla ya kukiandika aliuliza mara mbili kama Rozina ana pumu, maana mwenye pumu hapewi. Hakuwa nayo. Kisha akachora duara kwenye karatasi na kuligawa vipande vinne. "Utakaa kwenye vinne vilevile wiki mbili, mwili utulie. Baada ya hapo unaondoa robo. Robo moja, wiki tatu. Mwili ukizoea, robo nyingine."

Rozina hakusoma sana, lakini hesabu za shamba zilikuwa damuni. Vidonge vinne ni robo kumi na sita. Robo kumi na sita kwa wiki tatu tatu. Alihesabu kwa vidole chini ya shuka, akafika mwezi wa pili mwakani. "Ulezi unarushwa Januari," alisema.

"Utarusha ukiwa umebakiza robo mbili."

"Mkono utakuwa umetulia?"

Sayi alifikiri kabla ya kujibu. "Nadhani utatulia, mama. Ila nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Jibu hilo lilimtia Rozina hofu, na papo hapo likamfanya amwamini yule mwanamke.

Padre alipomtembelea nyumbani Jumapili iliyofuata, Rozina aliona haya kumtazama. Padre naye alikuwa na lake. "Mama Rozina, nani alikuruhusu kufunga dawa? Mgonjwa hafungi."

"Kwa hiyo Kwaresima yangu imeharibika?"

"Haijaharibika. Acha haraka. Maisha yako yote una haraka, hata rozari unaisali kama unakimbiza kuku. Hiyo ndiyo funga yako."

Basi mwaka wa robo ukaanza. Redempta alitunza karatasi za vidonge chumbani kwake, na Rozina alipewa za wiki moja moja. Alikata kwa wembe mpya juu ya ubao wa kukatia nyama uliokaushwa vizuri, akaziweka robo kwenye kichupa cha chumvi. Kwenye kalenda ya parokia, iliyotundikwa karibu na mlango, alichora alama kila aliposhuka robo. Kila aliposhuka, siku tatu nne zilikuwa mbaya: kijasho, ndoto za ajabu, hasira kwa kuku. Kisha mwili ulikuwa unakubali, na siku zinanyooka mpaka robo inayofuata.

Kazi hazikumsubiri. Mwezi wa tatu na wa nne walifukia nyasi, wakajenga yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita ntumba, nyasi ndani na udongo juu, ya kusambazwa Januari nyasi zikiwa zimeoza. Rozina alipiga jembe kwa mikono inayotetemeka kidogo. Jembe halina habari na mtetemo. Alilipenda jembe sana mwaka ule.

Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika mpaka vidole vya miguu, mambo yalibadilika kwa namna asiyoitazamia. Alianza kulia. Alimwona ndama wa Shija akilambwa na mama yake, akalia. Kwaya ilipoanza wimbo wa kutoa sadaka, machozi yakamtoka, ikabidi akae chini. Kalista alimletea ua la boga, akalia, mtoto akakimbia kumwita mama yake. Rozina alimpigia simu Daktari Sayi kushtaki.

"Ni wewe unarudi, mama," Sayi alisema.

"Kurudi gani huku, kwa kulilia ndama?"

"Vidonge vilikuwa vimetuliza hofu na kila kitu kilichokuwa karibu nayo. Sasa vinaamka kimoja kimoja."

Alililia kila kitu isipokuwa Yusto. Hilo aliliona mwenyewe na lilimtisha. Labda wale wanawake wa jikoni walisema kweli, na ni moyo wake tu ulio wa jiwe, vidonge vinasingiziwa.

Katika wiki hiyo ndipo alipoteleza. Siku mbili mfululizo hakupata usingizi usiku, na asubuhi ya tatu alivaa khanga yake nzuri, akaenda Chala kwa miguu mpaka kwa Stanley. "Nipe karatasi moja," alisema.

Stanley akashika kaunta kwa mikono miwili. "Mama, ulikuja mwenyewe mwezi wa nne ukanikataza kukuuzia."

"Sasa nakuruhusu."

Uso wa Stanley ulikuwa wa mtu anayebeba gunia lisilo la saizi yake. "Hapana, mama," alisema. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza. Rozina alimtukana kwa Kifipa, taratibu na kwa mpangilio, wateja wawili wakasikia, kisha akarudi nyumbani kwa miguu ileile. Jioni alimeza robo zake kama zilivyoandikwa. Baada ya wiki alimpelekea Stanley unga wa ulezi kwenye bakuli lenye mfuniko. Hakuomba radhi, na Stanley hakungoja kuombwa.

Disemba mvua zikakaza. Matuta yalikuwa yameiva, udongo wake mweusi na laini. Rozina alikuwa amebakiza robo tatu. Sasa alianza kujipima: alitandika kitenge cheusi sakafuni, akarusha ulezi kidogo juu yake, akachuchumaa kuangalia. Jumanne punje zilikuwa zimejikusanya pembe moja. Ijumaa zilikuwa afadhali. Jumatatu zilirudi kukusanyika.

Hapo ndipo Shija alipokuja, kofia mkononi. "Mama, msimu huu tarehe ngapi unanirushia?"

Rozina alidhani amesikia vibaya. "Shija, uliona la msimu uliopita."

"Niliona."

"Basi subiri kwanza langu liote, uone."

"Mimi sisubiri kuona, mama. Tarehe ngapi?"

Alipoondoka, Rozina alikaa kibarazani kwa muda mrefu. Kwa nini angoje? Robo tatu ni kitu gani kwa mtu aliyeshusha kumi na tatu? Akizitupa zote leo, mtetemo utakuja na kupita, na Januari itamkuta mzima. Alishika kile kichupa cha chumvi, akafungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Mashamba mawili yalimtegemea, na akikosea la Shija mara ya pili hangeweza tena kumtazama usoni. Alitamani kuharakisha kuliko alivyowahi kutamani kitu. Kisha akakumbuka wale kuku aliodaiwa kuwakimbiza kwenye rozari, akacheka peke yake kwa uchungu, akachukua simu.

"Ukiharakisha sasa," Sayi alimwambia, "Januari utakuwa hapa kwangu, kitandani. Fanya hivi. Shuka mpaka robo mbili, halafu simama hapo mpaka umalize kurusha. Hata mwezi ukitaka. Hakuna anayetufukuza."

Rozina aliweka kichupa mahali pake.

Siku ya kurusha ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kwanza, mawingu mepesi, upepo mdogo. Matuta yalikuwa yamesambazwa tangu jana yake. Redempta alikuja na tawi lenye majani la kuburuta nyuma ili kufukia mbegu, na pembeni ya shamba akatua ndoo. Rozina akachungulia. Mchanga. Redempta akajifanya anaangalia viatu vyake. Shija naye alikuwa amekuja bila kualikwa, kusaidia kuburuta. Mwaka mwingine ndoo ile ingepigwa teke. Rozina aliiacha pale ilipo, akajaza kikapu chake mbegu tupu, akafanya ishara ya msalaba.

Mrusho wa kwanza ulikuwa mzito, akaujua hivyo kabla haujafika chini. Wa pili ulikuwa bora. Kufika wa kumi vidole vitatu vilikuwa vimekumbuka kazi yao. Hatua mbili, mrusho. Hatua mbili, mrusho. Mkono ulitetemeka kidogo ukiwa ndani ya kikapu na kutulia ukiwa hewani. Kila kipande alichomaliza alikijua amekimaliza. Alikumbuka alikoanzia. Hakukuwa na ukungu. Furaha ikampanda ghafla mpaka akaanza kuimba ile sauti yake ya pili, isiyo na maana yoyote bila ya kwanza.

Akafika katikati ya shamba, akasimama.

Yusto alikuwa akiburuta tawi nyuma yake, miaka yote ile. Na kila walipofika katikati, hapa hapa, pasipo na jiwe wala mti wa kupatambulisha, alikuwa akisema, "Pumzika, mama Zenon," na kumpa kibuyu cha togwa. Kila mwaka maneno yaleyale. Yeye alikuwa akimjibu kwamba mvua haipumziki, kisha anakunywa. Tangu Yusto afe alikuwa amepita mahali hapo mara kumi na moja bila kupunguza mwendo.

Aliweka kikapu chini, akakaa juu ya udongo, akanyoosha miguu kama mtoto, akalia. Alilia kwa sauti, kwa jina la mumewe, kama wanavyolia watu siku ya msiba. Redempta aliacha tawi, akataka kumkimbilia, kisha akaona bora amwache. Shija aligeuka akawa anatazama ng'ombe upande ambao hakukuwa na ng'ombe. Kilio kilikwenda mpaka kikaisha chenyewe. Hofu haikuja. Moyo haukumwenda mbio. Ulimuuma tu, sana, na aliweza kuuvumilia.

Rozina akajifuta kwa ncha ya kitenge, akainuka, akabeba kikapu. Hatua mbili, mrusho. Alimaliza shamba lake kabla ya saa sita, na kesho yake akarusha la Shija, kuanzia ukingo hadi ukingo.

Wiki tatu baadaye walikutana watatu kwenye njia inayopita kati ya mashamba hayo mawili. La Shija lilikuwa la kijani sawasawa, mche na mche, huoni pa kushika kosa. Shija alitembea mwanzo hadi mwisho akarudi anatikisa kichwa na kutabasamu. "Mama, nimetafuta upara nimekosa."

"Uko kwangu," Rozina alisema.

Ni kweli. Shamba lake nalo lilikuwa limeota vizuri, isipokuwa katikati, ambako palikuwa na mahali peupe, ukubwa wa mkeka wa mtu mmoja. Yeyote apitaye njiani angepaona mpaka mavuno.

"Si tatizo, mama," Redempta alisema haraka. "Kesho nitang'oa miche pale ilipozidi, nipandikize hapo. Haitajulikana."

"Paache."

"Lakini mama, watu watasema mkono..."

"Waache waseme. Hapo nilikaa kumlilia baba Zenon. Miaka kumi na moja nilikuwa na deni lake." Aliutazama upara wake mara moja zaidi, kwa upendo kabisa. Kisha akamshika Redempta mkono waende nyumbani, maana saa ya robo yake ilikuwa imefika.